Mlangilangi: Mti Uliopindwa Mgongo

Asiyeujua mlangilangi utamtambua kwa saa anayochuma. Atatoka saa sita mchana, jua la utosini, akwanyue maua ya kijani kwa sababu ndiyo mengi, kisha alalamike kwamba hayanukii. Bibi yangu mzaa mama, Mngazija wa Unguja aliyeshona vikuba vya kuuza mpaka vidole vikaota sugu, hakuwa na subira na watu wa namna hiyo. Kwake langilangi lilikuwa la alfajiri, umande haujakauka, na lilikuwa la manjano. Tena si manjano yoyote tu. Lazima ulipindue, uone wekundu kidogo kwenye shina la petali. Bila wekundu ule alikurudisha mtini na kikapu chako.

Nimefundisha biolojia sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila nilivyosoma habari za mti huu niliona kwamba masharti ya bibi yanaeleza historia yake yote. Nani alichuma, saa ngapi, kwa ujira gani, kwa nini miti ilipindwa, kwa nini kuni zikaimaliza misitu ya visiwa vya jirani zetu: yote hayo asili yake ni maumbile ya ua moja. Wanahistoria wetu hupenda kuanza na masultani na mikataba. Mimi naanza na ua, masultani watafuata.

Mlangilangi, ambao wataalamu wa mimea huuita Cananga odorata, kwao ni Asia ya kusini-mashariki: Ufilipino, Malaysia, visiwa vya Indonesia, hadi pembe ya kaskazini ya Australia. Humea katika misitu ya nyanda za chini yenye joto na mvua nyingi, na hustawi zaidi pale palipofunguka, mti mkubwa ulipoanguka au shamba lilipoachwa, jua likafika ardhini. Ni mti wa haraka. Hukimbilia mwanga kabla miti ya polepole haijaamka, na ukiachiwa hufika mita 30 au zaidi, shina limenyooka, gome jororo la rangi ya kijivu, matawi yametanda na ncha zake zimeinama. Seremala hana haja nao, maana mbao zake ni laini na hazidumu.

Wanafunzi wangu walishangaa nilipowaambia kwamba ndugu zake ni mstafeli na mtopetope. Kisha niliwaletea maua ya miti hiyo mezani wakayakata wenyewe. Ukoo ni mmoja: sepali tatu, petali sita, na katikati kitufe cha stameni nyingi zilizobanana. Tofauti ni kwamba ua la mstafeli ni nene na limejifumba, na la mlangilangi petali zake ni ndefu, nyembamba, zimelegea na kujikunjakunja kama tambi zilizotolewa sufuriani.

Sasa fuata ua hilo siku kwa siku. Linapofunguka bado ni changa, petali ni fupi na za kijani, na ukilinusa hupati kitu cha maana. Hapo huanza kukua likiwa limekwisha kufunguka, jambo ambalo maua mengi hayafanyi. Petali hurefuka, kijani hupauka, manjano huingia polepole, na huchukua wiki mbili hadi tatu kufika ukomavu. Wakati huo ndipo wekundu wa bibi hutokea kwenye shina la petali, na ndipo mafuta yenye harufu huwa yamejaa. Harufu yenyewe hupanda usiku na kukolea kuelekea alfajiri, kwa kuwa wanaoitwa ni nondo wa usiku, wanaohamisha chavua kutoka ua hadi ua. Jua likishika, mafuta huanza kupotea hewani. Petali ni dhaifu pia. Ukizibana au ukiyarundika maua yakapata moto, huwa meusi na kuchacha. Matunda hufuata katika vichala vya kijani iliyoiva hadi nyeusi, na njiwa wa msituni na popo huyala na kuzitawanya mbegu.

Kwa hiyo mlangilangi una bidhaa inayokomaa polepole, inayodumu saa chache, isiyovumilia kubebwa mbali, na inayoning'inia juu kabisa ya mti mrefu. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili angetafuta shughuli nyingine. Ni pua za watu ndizo zilizokataa kuuacha.

Wenyeji wa Asia walikuwa wameupenda zamani. Wanawake wa Ufilipino na wa visiwa vya Indonesia waliyafuma maua yake katika mashada, wakayavaa nyweleni, wakayaloweka katika mafuta ya nazi na kujipaka. Miongoni mwa maelezo ya mapema yaliyoandikwa juu ya mti huu ni ya Georg Eberhard Rumphius, Mjerumani aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Waholanzi huko Ambon, katika visiwa vya Maluku. Mwaka 1670 Rumphius alipofuka, lakini hakuacha kazi; waandishi walishika kalamu naye akawasomea kwa kichwa. Kitabu chake kikubwa cha mimea ya Ambon kilianza kuchapwa mwaka 1741, karibu miaka 40 baada ya kifo chake. Kwa mti ambao maua yake hujificha ndani ya majani na kujulikana kwa harufu kabla ya kuonekana, naona ni haki kabisa kwamba umo katika kitabu kilichomalizwa na kipofu.

Ulaya iliupokea kwanza kichwani. Katika karne ya 19 wanaume wa Uingereza walishikwa na mtindo wa kupaka nywele mafuta yaliyoitwa ya Makassar, kwa jina la bandari ya Sulawesi. Asili ya mafuta hayo ilikuwa ile ile ya wanawake wa visiwani: nazi na maua ya kunukia, langilangi likiwemo, ingawa ya madukani London yalikuwa na michanganyiko yake. Mabwana wakaegemeza vichwa vyao vilivyojaa mafuta kwenye viti vya sebuleni, viti vikachafuka, na bibi wa nyumba wakabuni dawa: kitambaa cha kufuma cha kutandika mgongoni mwa kiti, kinachoweza kutolewa na kufuliwa. Mtindo huo uliwafuata Waingereza kwenye makoloni yao. Ingia leo katika sebule ya nyumba yenye heshima zake, iwe Kisumu, Dodoma au Chake Chake, utakuta vitambaa vyeupe vya kufuma vimelazwa juu ya makochi. Mafuta yaliyovileta yamesahauliwa kabisa, lakini ole wako uketi ukikipinda kitambaa cha mama mwenye nyumba.

Biashara ya mafuta halisi, yaani yaliyokenekwa kwa mvuke yakabaki roho ya ua peke yake, ilianzia Manila. Baada ya mwaka 1860 hivi, Wajerumani waliokuwa na maduka ya dawa mjini humo walianza kununua maua kwa wenyeji na kuyakeneka. Mwaka 1878 mafuta ya Manila yalionyeshwa Paris katika Maonyesho ya Dunia, na watengenezaji manukato wa Ufaransa wakayatamani. Kwa miaka kadhaa Manila haikuwa na mshindani. Maua yalitoka kwenye miti ya uani na ya kandokando ya mashamba, miti iliyokua ilivyotaka, na mchumaji alikuwa mkwezi.

Wafaransa, hata hivyo, walikuwa nao mti huo katika Bahari ya Hindi muda mrefu. Historia ya kisiwa cha Réunion husimulia kwamba uliletwa mwaka 1770 na nahodha d'Etchevery. Jina hilo linatuhusu sisi wa Unguja na Pemba. Huyo d'Etchevery alikuwa mmoja wa manahodha waliotumwa na Pierre Poivre, mtawala wa Kifaransa wa Mauritius, kwenda Maluku kuiba miche ya karafuu na kungumanga iliyolindwa na Waholanzi kwa mizinga. Karafuu zilizoanza safari kwa wizi ule ndizo zilizozaa karafuu za Réunion na Mauritius, na kutoka huko Mwomani Saleh bin Haramil akazileta Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo mkarafuu na mlangilangi ni wasafiri wa njia moja. Mmoja ulipofika ulipewa ardhi, watumwa na sultani wa kuusimamia. Mwingine ulipandwa uani uwapendezee akina mama, na hata Réunion wenyewe waliuacha kuwa pambo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa karne ya 19, bei ya Manila ilipowatoa Wafaransa udenda. Réunion ikaanza kukeneka. Mti ukavuka kwenda Nosy Be, kisiwa kidogo cha kaskazini-magharibi mwa Madagaska, na ukaingia Visiwa vya Ngazija: Ngazija yenyewe, Nzwani, Mwali, na Maore ambayo Wafaransa huiita Mayotte. Huko ulikuta kila ulichokiacha Asia, yaani ardhi ya volkano, joto na mvua za kutosha. Ulikuta pia ardhi iliyokwisha kubadilisha wenyewe.

Hapa ndipo masultani wanapoingia. Mwaka 1884 alifika Ngazija Léon Humblot, Mfaransa mtaalamu wa viumbe, aliyekuja kukusanya mimea na wanyama. Mwaka uliofuata alitia saini mkataba na Sultani Said Ali, mkataba uliompa haki ya kuchukua ardhi yoyote atakayoweza kuilima. Mkusanyaji wa mimea akawa bwana wa sehemu kubwa ya kisiwa. Kule Nzwani, eneo la Bambao, ambako Sultani Abdallah wa Tatu alikuwa na kasri na shamba la miwa, liliangukia mikononi mwa kampuni ya kikoloni iliyochukua jina hilo hilo la Bambao, na baadaye ikafungamana na matajiri wa manukato wa mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa. Ardhi nzuri ya mabondeni na pwani ikawa ya kampuni. Wenye kijiji wakapanda milimani kulima mihogo kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili, au wakabaki chini kama vibarua.

Kampuni haikuwa na nafasi ya kungoja wapanda miti. Ua linachumwa saa chache tu za asubuhi. Mchumaji akimaliza nusu saa kupanda mti mmoja, siku imekwisha. Ndiyo maana mti ukabadilishwa umbo. Mche unapofika umri wa miaka miwili au mitatu hukatwa kilele, karibu na kimo cha mtu. Matawi ya pembeni huvutwa chini, yakafungwa kwa kamba au kuegemezwa vigingi, mpaka yazoee kukua kuelekea ardhini. Kila chipukizi linalotaka kusimama hupunguzwa. Mti ulioumbwa kuwa na mita 30 huishi miaka hamsini ukiwa na mita mbili au tatu.

Nimepita katika mashamba hayo huko Nzwani pamoja na jamaa zangu wa Domoni. Ni mandhari ya ajabu kwa mtu aliyeuona mlangilangi ukiwa huru. Mistari na mistari ya mashina mafupi, manene, yenye vifundo kila tawi lilipokatwa, na matawi yaliyopinda kama vikongwe wanaotafuta sindano chini. Binti wa jamaa yangu, aliyechuma tangu utotoni, aliniambia hajapata kuuona mlangilangi mrefu. Nilipomweleza kimo chake alicheka, akaniuliza nani basi angechuma.

Wachumaji wengi ni wanawake. Hutoka kabla ya mapambazuko, watoto wadogo wamefungwa mgongoni, na kazi lazima iishe saa tatu au saa nne asubuhi. Hulipwa kwa kilo, na hakuna kitu chepesi kama ua. Mkono hujifunza kuchagua bila jicho: la kijani liache, la kahawia limeshapita, la manjano lenye wekundu litie kapuni, usilibane. Yale masharti ya bibi yangu ya Unguja niliyakuta Nzwani yamekuwa kanuni za kazi, zenye msimamizi na mizani.

Maua hupelekwa siku ile ile kwenye mtambo: mtungi mkubwa wa shaba, chini yake jiko la kuni, juu yake bomba linalopita ndani ya maji baridi. Mvuke hupanda na roho ya maua, hupoa ndani ya bomba, na mafuta huelea juu ya maji. Kwa makadirio, kilo 50 za maua hutoa kilo moja ya mafuta. Wenye kazi huyagawa kwa muda, kwa sababu sehemu nyepesi na tamu hutangulia, na nzito hufuata polepole. Ya saa za kwanza huitwa ekstra, na hayo ndiyo yanayokwenda kwenye manukato ya gharama. Kisha daraja la kwanza, la pili na la tatu, ambalo huishia kwenye sabuni. Ukitaka kumaliza kila tone unakeneka saa 18 hadi 20 na zaidi, na moto usizimike wala usizidi. Wanaume hukesha hapo wakichochea.

Mwaka 1921 Ernest Beaux alitengeneza manukato ya Chanel No. 5, na langilangi lilikuwa miongoni mwa maua yaliyoyapa tabia yake. Tangu hapo mafuta haya yameingia katika manukato mengi mashuhuri. Vita vya Pili vya Dunia vilipoiacha Manila magofu mwaka 1945, biashara ya Ufilipino haikurudi mahali pake, na Réunion ilikuwa imeshaurudia muwa. Visiwa vya Ngazija vikabaki vinara. Vilipopata uhuru mwaka 1975, Maore ikabaki chini ya Ufaransa, langilangi, vanila na karafuu vilikuwa ndivyo uti wa mgongo wa mauzo ya nje ya visiwa hivyo, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Kampuni kubwa ziliondoka, mashamba yakagawanyika, mitungi ikawa ya watu wa vijijini. Maore iliweka maua mawili ya langilangi kwenye nembo yake, ingawa mashamba ya huko yamekwisha karibu yote, maana ujira wa Kifaransa na ua la kuchuma kwa mkono havipatani. Jambo hilo peke yake linatosha kueleza bei ya manukato imelala juu ya nini.

Na kuni zilitoka wapi? Zilitoka msituni. Mlangilangi hauli msitu kwa mizizi yake, unaula kwa jiko. Nzwani ni kisiwa kidogo chenye watu wengi na miteremko mikali. Mihogo imeula msitu, mkaa umeula, na mitungi imeula kila usiku kwa zaidi ya miaka mia. Sitaki kuubebesha mti mmoja dhambi ya wote. Lakini wazee wa Domoni walinionyesha makorongo makavu na kunitajia vijito vilivyokuwa vikitiririka mwaka mzima, na kila mmoja wao alilitaja jiko la langilangi bila kuulizwa. Mti wa msitu ulihamishwa ng'ambo ya bahari, na huko ukatumika kuangamiza msitu wa wenyeji. Siku hizi ipo mitungi ya chuma cha pua na majiko yanayobana moto, yenye kutumia kuni kidogo zaidi. Ni heri, ila imechelewa.

Unguja na Pemba ziliepuka hayo kwa sababu karafuu ilikuwa imeshakalia kiti. Mlangilangi kwetu ulibaki wa uani, nyuma ya kisima, na ukaachwa urefuke. Bibi alituma wajukuu juu ya mti au alitumia upondo. Langilangi aliliunga na asumini, mrehani na kipande cha mkadi, akalishona kikuba cha kuchomeka nyweleni au kifuani. Mengine yalikwenda kwenye mafuta ya nazi, mengine yakamwagwa juu ya kitanda cha biharusi. Hakuna kuni, hakuna mtungi, hakuna daraja la tatu. Ua lilitumika siku ile ile, kama maumbile yake yanavyotaka, likatupwa kesho yake.

Naamini halikupokewa kwa urahisi hivyo kwa bahati tu. Pwani yetu ilikuwa na ndugu yake zamani. Mkilua ni kijiti cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, wa ukoo ule ule wa mstafeli na mlangilangi, na wanawake wa Kiswahili wametumia maua yake kujitia harufu miaka mingi. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt aliuandika rasmi kwa jina la Mkilua fragrans. Pua zilizokwisha kuzoea kilua hazikuhitaji kufundishwa langilangi. Sasa msitu wa pwani unamegwa kila mwaka kwa viwanja na mkaa, na vijana wengi wa leo hawajawahi kukiona kilua kwa macho.

Kwa hiyo mwenye uwanja nina neno naye. Panda mlangilangi, mbali kidogo na ukuta maana utakua, na usimruhusu mtu aukate kilele. Mbegu mbichi huwa nzito kuota, kwa hiyo zikaushe na uziweke kwa miezi kadhaa kwanza, au omba mche kwa jirani. Kando yake, kivulini, tafuta mkilua upande pia. Na ukichuma, chuma alfajiri.